Nilivyopigwa picha ya mishipa ya limfu Kampala

Mimi ni fundi cherehani hapa Kisenyi, nashona magomesi. Miezi minane baada ya kutolewa titi la kulia kwa saratani, mkono wa upande huo ulianza kujaa. Kwanza pete ilibana, halafu hata mkasi nikawa sishiki sawasawa. Majirani wakasema matende, wengine nimerogwa. Zahanati moja ikanipa vidonge vya kupunguza maji mwilini. Nilikojoa usiku kucha na mkono ukabaki vilevile.

Ndipo daktari wa saratani akaniandikia kipimo cha limfu, yale maji ya mwilini yanayorudi kwenye damu kwa mishipa yake yenyewe. Siku ya kwanza nilirudi bure, na hilo liliniuma: dawa haikuwepo, na hakuna aliyenipigia simu. Baadaye nilielezwa kuwa dawa hiyo, teknesiamu, ina mionzi ambayo kamera huiona, na haiwekwi stoo, maana kila saa 6 nguvu yake hupungua nusu. Sawa, lakini mgonjwa ametoa nauli. Pigeni simu kabla hamjatoka nyumbani.

Mara ya pili sista alinichoma sindano ndogo kati ya vidole, mikono yote miwili. Inauma kama siafu, kisha inapoa. “Finya mpira huu, mama,” akaniambia, kwa kuwa limfu haina moyo wa kuisukuma kama damu. Misuli ikifanya kazi, nayo inapanda. Nikalala chini ya kamera, nikapumzika nje, nikarudi tena baada ya saa tatu.

Picha yenyewe nimeitazama mara nyingi sana. Mkono wa kushoto una mstari mwembamba kama uzi, unaopanda hadi kwenye tezi za kwapa. Wa kulia, uzi unafika karibu na kiwiko unakatika, na dawa imetawanyika chini ya ngozi kama wino uliomwagikia kitambaa. Nilielewa kabla daktari hajafungua mdomo.

Aliniambia kwamba mwaka 1952, daktari wa upasuaji John Kinmonth wa London alikuwa akichana ngozi ya mguu ili aupate mshipa wa kutilia dawa. Siku hizi Japani wanachoma rangi ya kijani, indosianini, na kamera maalumu inaonyesha limfu ikitembea papo hapo. Picha yangu ni ukungu ukilinganisha na hiyo, na daktari wa upasuaji anayetaka kuunga mshipa wa limfu na wa damu angehitaji picha kali zaidi. Kwangu ilitosha: vidonge viliachwa siku hiyohiyo, nikaanza kufungwa bandeji za kubana na kukandwa taratibu kuelekea juu.

Ninajipima kwa futi yangu ya kushonea. Chini ya kiwiko palikuwa sentimita 31. Baada ya miezi minne ni 28. Mkasi nashika. Pete bado haijaingia.