Bluetooth ya simu yangu ya zamani: inaoanishwa na kila mtu, haimtumii yeyote

Nianze na hasira, maana ndiyo iliyonikalisha hapa kuandika. Simu yangu ya zamani, ya vitufe, yenye alama ya Bluetooth juu ya kioo, haijawahi kumtumia mtu kitu chochote. Si picha, si mlio, si hata jina moja. Na kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba mjinga ni mimi.

Kuamini huko nilifundishwa. Simu ilipokuwa bado inanukia upya, nilipiga namba ya huduma kwa wateja, nikasikilizishwa muziki mpaka sikio likapata moto. Akapokea kijana. Nikamweleza taratibu: nawasha Bluetooth, natafuta simu ya mdogo wangu, inaonekana, naweka namba ya siri, naye anaweka ileile, simu zinakubaliana. Nikitaka kutuma, hakuna pa kutumia. Hakuniuliza hata ni simu ya aina gani. Akasema, "Dada, Bluetooth inafanya kazi, wenzako wanatumia. Labda tafuta mtu anayejua simu akusaidie." Halafu, kwa sauti tamu kabisa, akauliza kama nina swali lingine. Nilikuwa nalo, ila si la kutamka mbele ya watu.

Mtu anayejua simu! Hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Sasa juzijuzi nimeikuta simu yenyewe droo ya chini kabisa, na chaja yake imejiviringisha pembeni. Nikaichomeka, ikawaka. Ndani kulikuwa na majina zaidi ya 300 ambayo nilishayahesabu kuwa yamepotea. Nikayanakili kwanza kwenye laini. Laini ikajaa kabla ya kumaliza, na majina marefu ikayakata mikia, nikabaki namtazama "Baba Juma wa Ush". Wa ushonaji au wa ushirika? Nilikuwa nao wote wawili, na mmoja wao nina deni naye.

Nikairudia Bluetooth, moyo mgumu. Safari hii na simu ya kisasa. Namba ya siri, sawa, sawa. "Vifaa vimeoanishwa," kioo kikajigamba. Ndoa imefungwa, mashahidi wapo, ila bwana na bibi hawasemezani.

Ndipo nikafukua boksi na kutoa kitabu cha maelekezo, nikakisoma mwanzo mpaka mwisho kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Kurasa za mwisho, kwa herufi za kutafutwa na tochi, nikalikuta: Bluetooth ya simu hii ni ya hedseti. Basi. Kumbe Bluetooth si kitu kimoja. Kila kazi ina profaili yake, yaani kanuni zake za kuifanya: ya kuongea kwa hedseti ni mbali, ya kutuma faili ni mbali, na mtengenezaji huchagua atakazoweka. Kuoanisha ni kufahamiana tu, hakukuhakikishii kwamba mtafanya kazi pamoja. Alama ya kwenye boksi ni ileile, uwe umepewa moja au umepewa zote.

Kwa hiyo yule kijana hakusema uongo. Bluetooth ilikuwa inafanya kazi. Hili ndilo linaloniudhi zaidi ya uongo wenyewe: ukweli aliokuwa nao haukumzidi sekunde tano kuutamka, "Dada, hiyo ni ya hedseti tu," akaona bora anipe ujinga niende nao nyumbani.

Wanasema jina Bluetooth ni lakabu ya mfalme Harald wa Denmark, wa karne ya 10, aliyekumbukwa kwa kuunganisha Denmark na Norway, na ile alama ni herufi zake mbili za kale zilizobebana. Mfalme kaunganisha nchi mbili, simu yangu imeshindwa kuunganisha meza moja.

Nilikuwa nimeshaamua: nyota sifuri. Ila ubavuni mwa simu kuna kijicho cheusi, kidogo kama punje ya mtama, ambacho sikuwahi kukiheshimu. Infraredi: mionzi isiyoonekana kwa macho, ya kurusha vitu kutoka simu hadi simu. Tuliicheka sana enzi zile, eti simu mpaka ziinamiane kama zinanong'ona. Nikaazima simu kuukuu ya mdogo wangu, yenye jicho kama hilo na Bluetooth ya kutuma kweli, ili majina yapitie humo kwenda kwenye simu ya kisasa, nikazilaza mezani zitazamane.

Kimya. Jicho la yake liko juu kidogo kuliko la yangu, na mionzi hiyo haipindi kona: zikae ndani ya mita moja hivi, na zisipishane pembe. Mdogo wangu akasukumia kiberiti chini ya simu yangu. Nikafunga pazia, maana jua nalo lina infraredi yake na hulipofua jicho la kupokea. Nikabonyeza tena.

Zikaonana! Husalimiana kwanza kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, polepole, kama wazee wanaoulizana habari za nyumbani, ndipo zikubaliane kukimbia. "Pokea kadi ya jina?" ikauliza ya mdogo wangu. Abdala akavuka. Mzima, na mkia wake. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Shida ni kwamba inatuma jina mojamoja. Fungua, chagua, tuma, ngoja, kubali, hifadhi. Mara 300. Mtu ataniambia si uandike kwa mkono? Siandiki. Nimeapa hii simu itanitumia yenyewe.

Basi niseme nyota tatu, kwa ajili ya infraredi. Na nikiri jambo jingine shingo upande: nimeazima hedseti ya Bluetooth, nimepiga nayo simu kutoka chumba cha pili, na sauti ilikuwa safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Ile kazi moja iliyopewa inaifanya vizuri sana. Ningeweza hata kuongeza nyota.

Lakini kila nikitaka kuongeza namsikia yule kijana. "Anayejua simu." Narudi kwenye nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya kiberiti.

Mpaka sasa nimefika herufi M, na akina Mama ndio wengi kuliko wote. Simu mbili ziko palepale mezani, pazia limefungwa mchana kweupe, na nimeshatangaza nyumba nzima: anayetaka kuwasha jiko atafute kiberiti kingine.