Nililipa ada ya uratibu wa sherehe, nikabebeshwa viti na lawama

Nimesoma kozi fupi ya uratibu wa sherehe kwenye chuo kimoja binafsi hapa Dar es Salaam, upande wa Kinondoni. Kozi imeisha, hasira haijaisha, na nyota ninayowapa ni moja. Jina la chuo sitalitaja, lakini mnaotafuta kozi hizi mtakuwa mmeona matangazo ya aina hiyo: picha za meza zenye maua meupe, mkurugenzi ndani ya suti, na chini yake, kwa herufi kubwa, MAFUNZO KWA VITENDO. Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa hela. Vikao vya harusi za ndugu nimevikalia sana, daftari la ahadi nimelishika, nikaona bora nisomee kazi yenyewe ili iniweke mjini.

Ada na muda wa kozi sitavieleza. Mimi nataka kueleza siku moja tu.

Ilikuwa Jumamosi, kozi inaelekea ukingoni, na shughuli ilikuwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Tuliambiwa huo ndio mtihani wetu wa vitendo na kila mwanafunzi atashika kitengo: huyu mapokezi, yule chakula, mwingine akae na MC afuatilie ratiba. Mimi nilipewa meza na ukaaji wa wageni. Tumefika ukumbini asubuhi, chini nyeusi juu nyeupe kama tulivyoagizwa, hakuna kitengo wala nini. Tulishusha viti kutoka kwenye Kenta, tukapiga pasi vitambaa, tukafunga tepe kiti baada ya kiti mpaka vidole vikawa vinauma. Mwenzetu mmoja akamuuliza dereva wa Kenta vijana wa mapambo wako wapi. Dereva akajibu bila hata kuficha: wale wanalipwa kwa siku, leo wameambiwa wapumzike kwa sababu wanafunzi wapo. Yaani mteja amelipia vibarua, vibarua hawakuitwa, na kazi yao tumeifanya sisi ambao pia tumelipa. Mkurugenzi alikula pande zote mbili.

Hata hilo ningelimeza. Kufunga tepe ni sehemu ya kazi, na mratibu ambaye hajawahi kushusha viti hawezi kujua inachukua muda gani. Kilichonichoma ni cha jioni.

Kwa msiozijua shughuli zetu: sendofu ni ya upande wa binti. Wakwe wanakuja kama wageni, na heshima ya familia ya binti siku hiyo inapimwa kwa namna wageni hao walivyopokelewa na walivyokalishwa. Wali ukiwa na mashizi watu watakula na kunyamaza. Mkwe akikosa kiti, itazungumzwa mpaka siku binti anajifungua mtoto wa pili.

Upande wa mwanamume walikuwa Wachaga, wengi wao wametoka Moshi siku moja kabla, na ndafu, mbuzi mzima wa kuchomwa, ilikuwa imeandaliwa kwa ajili yao. Ramani ya ukumbi aliyoichora mkurugenzi iliwapa meza tatu za watu kumi kumi. Mchana nilikaa na katibu wa kamati, kijana msikivu sana, nikamuuliza wakwe wanakujaje. Akasema Kosta mbili, ukiacha magari madogo. Kosta moja ikijaa inapita watu ishirini na tano. Hapo meza tatu zinatoshaje? Nikamfuata mkurugenzi, nikamwambia kwa adabu zote: "Samahani mkurugenzi, tuongeze meza tatu upande wa wakwe, zipo stoo." Hakuinua macho kwenye simu. Akasema kadi zilizotoka ni za watu thelathini, wasio na kadi hawamhusu. Nikamwambia wakwe hawaingii kwa kadi.

Hapo akapandisha sauti. "Wewe ni mwanafunzi hapa. Umekuja kujifunza au kunifundisha? Nenda kabebe viti." Mama wa binti alikuwa hatua chache kutoka pale, na shangazi wa binti, na mafundi wa taa. Wote waligeuka.

Nikaenda kubeba viti.

Saa mbili kasoro wakwe wakaingia na matarumbeta, vigelegele ukumbi mzima. Meza tatu zikajaa papo hapo na waliobaki wakasimama kando ya ukuta. Wazee wenye bakora. Kina mama waliovaa sare ya vitenge vipya, wamesafiri kutwa nzima jana yake, wameshika pochi zao mkononi kwa sababu hawana pa kuziweka. MC masikini alirudia utambulisho wa upande wa binti ili kuvuta muda. Mwishowe majirani na wafanyakazi wenzake na baba wa binti wakanyanyuliwa kwenye viti vyao, watu waliochanga na wenye kadi mkononi, wakaenda kusimama wao. Kwa hiyo pande zote mbili zikaaibika.

Mama wa binti akaja, machozi yamemlenga, akauliza ni nani aliyepanga meza. Mkurugenzi, kwa sauti ya upole ambayo hatukuwahi kuisikia darasani, akamjibu: "Mama utusamehe, hawa ni wanafunzi, bado wanajifunza. Huyu ndiye aliyepewa meza." Akaninyooshea kidole.

Yule mama hakunitukana. Aliniangalia, akasema, "Mwanangu, si ungeniuliza?" Nilipofungua mdomo, mkurugenzi alishanishika bega ananisukumia jikoni.

Naandika haya mikono inatetemeka. Mtu anayeuza mafunzo ya kuratibu shughuli za watu alisimama mbele ya mteja akadanganya, na aliyemsingizia ni mtu aliyemlipa ili amfundishe. Sasa kesho nikifungua ofisi yangu, familia ile na ukoo mzima wa Moshi wananijua mimi kwa kitu gani? Kazi hii haina tangazo zaidi ya mdomo wa watu. Shughuli moja inakuletea mbili, au inakufungia mtaa mzima.

Tangu siku hiyo hata masomo yenyewe nimeanza kuyaona yalivyo. Slaidi zote zilikuwa za harusi za bustanini Marekani. Tulifundishwa habari za mgeni anayethibitisha kwa barua pepe kwamba atakuja na atakula samaki au kuku. Nani anafanya hivyo Tabata? Kwetu mtu anathibitisha kwa mchango, na akishachanga anaweza asije, au aje na shemeji yake. Shughuli ya hapa inaendeshwa na kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, vikao miezi kadhaa kabla, kadi ya dabo, ya watu wawili, kwa aliyefikisha kiwango na ya singo, ya mtu mmoja, kwa aliyepungukiwa, na mjomba mmoja ambaye hakuchanga lakini ana maoni kuliko wote. Mratibu anaingia katikati ya watu hao, anatakiwa awatumikie wote bila kumdharau mmoja. Kozi nzima, mkurugenzi hakutamka neno kamati hata siku moja.

Wala hatukufundishwa sheria. Muziki unaopigwa ukumbini una Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kelele zina kanuni zake za mwaka 2015 chini ya NEMC, baraza la mazingira, na baa na kumbi za starehe zimeshawahi kufungiwa kwa ajili hiyo hapa hapa Dar. Sanaa na burudani zina BASATA, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Mratibu asiyeyajua haya ipo siku atazimiwa muziki binti yuko katikati ya ukumbi anacheza na baba yake. Sisi tulionyeshwa slaidi ya namna ya kufunga zawadi za wageni kwenye mifuko ya plastiki, na mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019!

Lakini hasira isinifanye nimdhulumu mtu. Palikuwa na mwalimu mmoja, mama mtu mzima, aliyepika kwenye shughuli za watu miaka mingi kabla ya kuitwa kufundisha. Alikuja bila slaidi, na daftari la kaunta lililochakaa. Kila nilichonacho leo kichwani kuhusu kazi hii kimetoka kwake.

Alitufundisha kwamba bajeti haijengwi juu ya ahadi. Hela iliyo mikononi mwa mweka hazina ndiyo ya kupangia ukumbi na chakula. Ahadi unaiandika kando kwa penseli, ikitimia inaongeza kreti za soda na maua, isipotimia hakuna anayejua kilichopungua. Mpambaji, mpishi, mpiga picha, wote walipwe kwa awamu na kwa mkataba wa maandishi, na kipande cha mwisho kitoke baada ya shughuli, kwa sababu aliyeshamaliza kulipwa hapokei simu. Sahani zihesabiwe kabla ya chakula kuanza kutoka, mpishi akiwepo na mtu wa kamati akiwepo, na kreti zihesabiwe zikiingia na zikitoka tupu. Mlangoni akae mtu wa familia anayezijua sura, maana mlinzi wa ukumbi atamzuia babu aliyesahau kadi nyumbani.

Somo nililolipenda kuliko yote ni la ratiba. Alisema ratiba huandikwa kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Ukumbi unafungwa saa sita: haya, zawadi zimalizike saa ngapi? Watu mia tatu wakipitia meza moja ya chakula, wa mwisho atakula saa ngapi, na kama ukiweka meza mbili zenye watu pande zote? Alisimama chini ya saa ya ukutani akatusogezea mishale kwa kidole, dakika kwa dakika, tukaona wenyewe kwamba hotuba ya mwenyekiti ikizidi robo saa, ngoma ya wakwe ndiyo inayokufa. Darasa zima lilikuwa kimya. Nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata shuleni.

Na ni yeye aliyetuambia, "Wakwe muwahesabu kwa magari." Ndiyo maana nilimuuliza yule katibu habari za usafiri. Kitu nilichotukaniwa na mkurugenzi ndicho nilichofundishwa chuoni kwake.

Kwa ajili ya mama huyo nilitaka kuwapa nyota tatu. Nilishaandika hata sentensi ya kuwaambia nendeni, zivumilieni slaidi, mkae mbele anapoingia yeye, ada yenu itarudi. Nilimaanisha.

Ila siwezi kuiacha sentensi hiyo. Wiki iliyofuata baada ya sendofu alisikia yaliyotokea. Aliniita pembeni, akanisikiliza mpaka mwisho, akaenda ofisini kwa mkurugenzi na mlango ukafungwa. Sauti yake tuliisikia mpaka koridoni: "Mtoto alikuwa sahihi." Kipindi chake kilichofuata akaingia kijana mwingine, akaunganisha kompyuta kwenye projekta, tukarudi bustanini Marekani. Yule mama hatukumwona tena pale. Sasa niwaambie mwende kufuata nini? Akifungua darasa lake, hata uani kwake, nitalipa siku hiyo hiyo na nitawaletea na wenzangu.

Kwa mtu ambaye bado anataka chuo cha namna hii, asikubali kuambiwa "kwa vitendo" na kuishia hapo. Ataomba aandikiwe siku ya shughuli atafanya nini hasa, chini ya nani, na vibarua wa siku hiyo ni akina nani. Ataomba namba ya usajili ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, aihakiki mwenyewe kabla ya kutoa shilingi, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akishatoa. Sisi tulipewa karatasi yenye muhuri.

Cheti changu bado kiko kwao. Wanasema kuna hela ya joho na ya mahafali, jambo ambalo halikuwa kwenye tangazo, na bila hiyo sikipati. Sijalipa na sitalipa. Lakini mnielewe, cheti wala ada siyo kinachoninyima usingizi. Nilimwandikia katibu wa kamati nikamwomba namba ya mama wa binti ili nimweleze. Alinijibu kwa upole kwamba mama hataki tena kuzungumza habari za siku ile na mtu yeyote wa chuo chetu. Namwelewa kabisa. Kwake mimi ndiye niliyewasimamisha wakwe.

Mkurugenzi namba anayo, imo kwenye mkataba wake. Ampigie amwambie ni nani aliyeomba meza ziongezwe na ni nani aliyekataa. Hata dakika mbili haifiki. Akipiga, nitarudi hapa kuibadilisha hii nyota moja mwenyewe. Asipopiga, ibaki moja.