Nyuzi za gitaa kavu na gitaa la umeme: uzoefu wangu wa kuzichagua

Nina magitaa mawili ninayoyapiga karibu kila siku, moja kavu lenye kiwiliwili kikubwa na jingine la umeme lenye urefu wa uzi wa milimita 648, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiyabadilishia seti za aina mbalimbali nikitafuta zile zinazoyafaa na zinazoifaa mikono yangu. Maoni yangu ni kwamba wapigaji wengi, hasa wale wanaonunua seti yao ya pili au ya tatu, huanzia mahali pasipofaa. Husoma maneno ya kwenye pakiti yanayoahidi sauti kali au sauti tulivu, wakati jambo linaloamua kama mtu atalifurahia gitaa lake ni unene wa nyuzi. Metali inafuata baada ya hapo, na utando wa kuzikinga na jasho unakuja mwisho.

Unene hupimwa kwa sehemu za elfu moja za inchi, na kwa kawaida seti hutajwa kwa namba ya uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko zote, pamoja na ya uzi wa sita. Seti ya 10-46 ina uzi wa kwanza wenye unene wa inchi 0.010, yaani milimita 0.254, na wa sita wenye inchi 0.046. Mtu asiyezoea anaweza kudhani kwamba tofauti ya elfu moja ya inchi haina maana yoyote, lakini uzito wa uzi hufuata mraba wa unene wake, kwa hiyo ukishuka kutoka 10 hadi 9 kwa noti ileile, mkazo wa uzi huo unapungua kwa takriban asilimia 19. Vidole hulitambua hilo mara moja, hata kabla sikio halijasema lolote.

Gitaa kavu halina amplifaya ya kulisaidia. Nguvu yote inayoutikisa ubao wa juu inatoka kwenye nyuzi, na ndiyo sababu seti zake ni nene zaidi. Seti ya 12-53, ambayo watengenezaji wengi huiweka katika kundi la nyepesi, hulivuta daraja la gitaa, yaani kipande kinachozishikilia nyuzi kwenye ubao wa juu, kwa mkazo wa jumla wa kilo 70 na ushei, wakati 10-46 kwenye gitaa la umeme haifiki kilo 50. Nilipoweka 13-56 kwenye gitaa langu kavu mkazo ulipita kilo 80, na kwa upande wa sauti sikuwa na la kulalamikia: besi ilijaa, na hata nilipopiga rithimu kwa nguvu zote kila noti ilibaki imesimama mahali pake. Tatizo lilikuwa kwenye mkono wa kushoto na kwenye mbao. Kodi ya F, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ambayo inataka kidole kimoja kizibane nyuzi zote sita, iligeuka kuwa kazi ya kuchosha kufikia katikati ya wimbo, na baada ya wiki kadhaa ubao wa nyuma ya daraja ulikuwa umevimba kidogo kuliko nilivyouzoea, huku nyuzi zikiwa zimenyanyuka kwenye freti ya 12, moja ya zile fito nyembamba za chuma zinazokatiza shingo. Nyuzi zenyewe hazikuwa na kasoro. Zilifanya kile ambacho unene wake unazitaka zifanye, na kuna magitaa yaliyojengwa kwa ajili ya mkazo huo, lakini langu si mojawapo.

Nilijaribu pia 11-52. Kwa kupiga kwa vidole bila piki, kile kibamba kidogo cha kugongea nyuzi, ni seti nzuri mno, kwa sababu gitaa huitikia hata mguso mdogo kabisa, na uzi wa pili unavutika kirahisi unapotaka kuipandisha noti. Ukishika piki na kupiga kwa nguvu, hata hivyo, nyuzi nyembamba hutikisika kwa upana na kuanza kugonga freti, na sauti inakonda. Kwa hiyo gitaa kavu kubwa ninalipa 12-53 bila kusita, gitaa dogo au la zamani ningelipa 11-52, na mwanafunzi ambaye ncha za vidole vyake bado zinauma ningempa 10-47 bila kujali watu wanasema nini juu ya sauti, kwa kuwa mwanafunzi anayeumia huliacha gitaa likiwa limeegemea ukutani. Kama mtengenezaji wa gitaa ameandika unene wa juu anaouruhusu, maneno yake yafuatwe kabla ya maoni ya mtu mwingine yeyote, yangu yakiwemo.

Kwenye gitaa la umeme mazungumzo ni tofauti, maana amplifaya inabeba jukumu la sauti kubwa na mpigaji anabaki na uhuru wa kuchagua anachotaka mkononi. Hapa urefu wa uzi, yaani umbali kutoka nati iliyo mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja, una uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Magitaa mengi ya kampuni ya Fender yana inchi 25.5 na mengi ya kampuni ya Gibson yana takriban inchi 24.75, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuupunguza mkazo kwa karibu asilimia 6 kwa seti ileile na noti zilezile. Rafiki akikuambia kwamba 10-46 ni laini kama mlenda, muulize kwanza anapiga gitaa gani. Kwenye gitaa langu lenye urefu mkubwa, 9-42 hunipa uwezo wa kuuvuta uzi wa tatu kwa toni nzima bila kujikaza, lakini mkono wangu wa kulia ni mzito, na nikipiga rithimu kwa bidii uzi wa sita hupanda juu ya noti yake kwa muda mfupi kila ninapougonga. 10-46 huniondolea hilo. Nimetumia seti ya EXL110 ya D'Addario na ile ya Regular Slinky ya Ernie Ball, zote zikiwa na unene huo, na ningekuwa na furaha na yoyote kati ya hizo mbili kwa muda wote uliobaki wa kupiga kwangu.

Wapo wanaoamini kwamba sauti nene lazima itoke kwenye uzi mnene. Ni kweli kwamba Stevie Ray Vaughan, mpiga gitaa wa bluzi wa Marekani, alijulikana kwa uzi wa kwanza wa 13, lakini alikuwa akilishusha gitaa lake kwa nusu toni, jambo lililompunguzia mkazo, na alikuwa na mikono ya aina yake. Upande wa pili yupo Billy Gibbons, mpiga gitaa wa kundi la ZZ Top, ambaye hutumia nyuzi zinazoanzia 7 na ana mojawapo ya sauti zilizoshiba zaidi katika muziki wa roki. Kwangu mimi mfano wa hao wawili unatosha kumaliza ubishi.

Baada ya unene kupatikana, metali inastahili kuzungumzwa. Kwenye gitaa kavu uchaguzi mkubwa uko kati ya aina mbili. Ya kwanza ni 80/20, ambayo waya wake wa kuzungushia, ule unaofunika kiini cha chuma cha nyuzi nene, una asilimia 80 ya shaba na 20 ya zinki. Ya pili ni bronzi ya fosforasi, ambayo D'Addario iliiingiza kwenye nyuzi za gitaa mwaka 1974, na ambayo ni shaba kwa takriban asilimia 92, bati kwa sehemu kubwa ya kilichobaki, na fosforasi kidogo. Nimeziweka zote mbili kwenye gitaa lilelile kwa unene uleule wa 12-53, seti ya EJ11 na kisha ya EJ16, na tofauti inasikika wazi. Siku ya kwanza 80/20 inang'aa, kila mpigo wa piki una ukali wa kupendeza, na kwenye kundi lenye vyombo vingi gitaa hupenya bila kusukumwa. Lakini ung'avu huo hufifia haraka, na kwa mtu mwenye jasho kali unaweza kuisha ndani ya siku chache. Bronzi ya fosforasi huanza kwa utulivu zaidi, sauti ya kati ikiwa imejaa, na hubaki karibu na hapo kwa muda mrefu. Ninapomsindikiza mwimbaji peke yangu ninaitaka hiyo, kwa sababu inaiachia sauti ya binadamu nafasi yake.

Kwenye gitaa la umeme kinachosikika ni kile ambacho sumaku za pikapu, kifaa kilicho chini ya nyuzi, zinakinasa, kwa hiyo uzi lazima uwe na metali inayoitikia sumaku. Nyuzi za bronzi zikiwekwa kwenye gitaa la umeme, pikapu husikia kiini cha chuma kilichomo ndani huku waya wa shaba wa kuzungushia ukiwa kama haupo, matokeo yake nyuzi mbili za kwanza, ambazo ni chuma kitupu, hupiga kelele kuliko zile nne za chini. Wengi wetu tutaishia kwenye chuma kilichopakwa nikeli, na ni haki yake kuwa chaguo la kawaida, kwa maana hakielemei upande wowote. Nikeli tupu hutoa sauti laini na ya chini kidogo, na ninaipenda sana kwa sauti safi isiyokwaruza. Chuma kisichoshika kutu kina ukali mwingi na kinadumu, lakini ni kigumu chini ya kidole na hulila freti haraka zaidi, nami ningekishauri kwa yule tu ambaye gitaa lake lina sauti iliyofifia kiasi cha kuhitaji msaada.

Utando nilikuwa nautilia shaka, na sasa ninautetea. Elixir, jina linalomilikiwa na W. L. Gore & Associates, kampuni ileile ya kitambaa cha Gore-Tex, ziliingia sokoni mwaka 1997 zikiwa na utando mwembamba unaofunika uzi pamoja na mianya iliyo kati ya mizunguko ya waya, mahali ambapo jasho na uchafu wa ngozi hujificha. Nilipoweka seti yao ya bronzi ya fosforasi yenye utando wa Nanoweb, siku ya kwanza nilisikia ung'avu pungufu kidogo kuliko wa nyuzi zisizo na utando. Miezi michache baadaye ilikuwa bado inalia vilevile, wakati seti ya kawaida ingekuwa imekwisha kufa mara mbili. Gharama yake ni kubwa zaidi, hilo halifichiki, na anayebadilisha nyuzi kabla ya kila onyesho hana sababu ya kuulipia uhai mrefu asioutumia. Kwa mwenye viganja vinavyotoa jasho jingi, hesabu inaegemea upande wa utando. Ujue tu kwamba utando wa aina yoyote ile, pale piki inapogonga kila siku, mwishowe huanza kuchanika na kutoa vinyuzinyuzi. Sauti haiharibiki kwa sababu hiyo, ingawa macho hayafurahi.

Kuhusu wakati wa kubadilisha, siangalii kalenda. Hupitisha ukucha chini ya uzi, upande unaotazama freti, na nikihisi vibonyeo vidogo pale freti zinapougusa, ninajua kwamba uzi haulingani tena unene wake kutoka mwanzo hadi mwisho na hautatulia kwenye noti. Dalili nyingine ni freti ya 12: ikiwa uzi uliokuwa sahihi hapo jana leo unakataa kutulia, huku wenyewe ukiwa wazi uko sawa, basi umechoka.

Kubadilisha metali kwa unene uleule hakuhitaji fundi. Kubadilisha unene kunahitaji. Ukitoka 9 kwenda 11, shingo huvutwa mbele na chuma kilichomo ndani yake lazima kirekebishwe, robo ya mzunguko kwa mara moja na si zaidi, kisha uache gitaa litulie kabla ya kupima tena. Daraja linaloelea juu ya springi litainama lote mpaka springi nazo zikazwe. Halafu kuna nati: mifereji iliyochongwa kwa ajili ya 9 huubana uzi wa 11, na utalisikia hilo unapotuni, maana uzi utakwama, utatoa mlio mdogo mkavu, na noti itaruka kupita pale ulipoitaka. Watu hulaumu vigingi vya kutunia wakati kosa liko kwenye mfereji. Na gitaa la nyuzi za nailoni lisiwekewe nyuzi za chuma kwa hali yoyote, kwa kuwa mkazo wake unaweza kuling'oa daraja.

Jihadharini pia na nyuzi bandia. Niliwahi kuuziwa seti yenye jina kubwa kwenye pakiti, ambayo nilipoifungua uzi wa nne ulikuwa tayari una madoa ya kutu na waya wake wa kuzungushia ulikuwa umelegea. Kampuni iliyoandikwa pale haikuwa na hatia yoyote. D'Addario huweka namba maalumu ndani ya pakiti zake ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki, na inafaa kufanya hivyo hasa unaponunua kwa muuzaji usiyemfahamu.

Jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi mara kwa mara ni kwamba nyuzi zisizozungushiwa waya, yaani ule wa kwanza na wa pili, na kwenye gitaa la umeme mara nyingi wa tatu pia, ni chuma kilekile kwenye gitaa kavu na gitaa la umeme. Zinauzwa mojamoja. Kwa kuwa uzi wa kwanza ndio unaokatika kuliko zote, mimi huweka kwenye mkoba akiba ya 10 na ya 12, na seti iliyobaki, ikiwa bado ina uhai, inaendelea na kazi. Zikikatika mara kwa mara mahali palepale, hasa kwenye daraja, usiibadilishe chapa ya nyuzi kabla ya kupapasa eneo hilo kwa kidole, kwani aghalabu kuna ncha kali ya chuma inayoukata uzi, na fundi huisawazisha kwa msasa laini kwa muda mfupi tu.