Gari-nyumba la Fiat Ducato la mita 6: mbwa, tope na mvua za Uskoti

Vani nyingi zinazogeuzwa kuwa magari-nyumba huko Ulaya ni Fiat Ducato, na urefu unaopendwa zaidi ni mita 5.99. Kitanda kinakaa kwa upana nyuma, jiko liko mlangoni, viti vya mbele vinageuka kutazama meza. Kwenye maonyesho hupendeza sana. Hapa tunalipima kwa Uskoti ya Aprili: manyunyu kutwa, usiku nyuzi 2 au 3, na mbwa wa kilo 30 aliyetoka kugaagaa kwenye tope.

Udhaifu wake mkubwa ni ule mlango wa kuteleza wa ubavuni. Ukiufungua, mvua inapiga jiko, na mbwa anatua palepale mnaposimama kupika. Akijikung'uta, maji yanafika kwenye matandiko. Kwa hiyo apitie nyuma. Milango miwili ya nyuma inafungukia stoo iliyo chini ya kitanda. Tandika mkeka wa mpira wenye kingo, weka kizimba, kifunge kwenye pete za sakafuni kwa mikanda ya kukaza. Kamba za mpira zinazovutika hazizuii kitu gari likifunga breki ghafla. Taulo ziwe mbili, moja ya kutoa tope miguuni na tumboni, nyingine ya kukausha. Ukitumia moja kwa kazi zote mbili utakuwa unampaka tu. Na kwa anayechunga udhu, mpangilio huu una faida nyingine: mbwa yuko nyuma, mbele panabaki pakavu na safi pa kutandika mswala.

Stoo hiyohiyo ndimo mara nyingi inamofungwa hita, na hapa ndipo gari linapojipatia alama. Hita ya Truma Combi 4 inapasha hewa na pia lita 10 za maji, ikitumia kati ya gramu 160 na 320 za gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6, hita ikiwaka mfululizo kwa nguvu ya chini, ni saa 37 hivi. Chukua gesi ya propeni: ile ya buteni, baridi ikikaribia sifuri, haigeuki mvuke, moto unazima alfajiri na watu wanadhani hita imekufa. Kizimba kisizibe nafasi hita inakovuta hewa. Manyoya nayo hujikusanya hapo, hewa ikawa haba, hita ikachemka na kujizima. Pafagie kila baada ya siku mbili.

Kuna vali ndogo karibu na hita inayowatesa wageni. Joto likishuka hadi nyuzi 3 hivi inafunguka yenyewe na kumwaga maji ya boila nje, yasigande yakapasua tangi. Ukizima hita usiku ili kubana gesi, asubuhi utakuta boila tupu, na pampu ya maji ikiwa imeachwa ikiwaka, inaweza kuwa imemaliza hata tangi kubwa. Kitufe chake hakikubali kufungwa mpaka pale kilipo pafike nyuzi 7. Usikilazimishe. Washa hita, subiri, kisha funga. Dawa yake ni kuiacha hita usiku kucha kwenye kiwango cha chini.

Unyevu hauishi kwa joto pekee. Watu wawili na mbwa aliyelowa wanatoa mvuke mwingi, nao unatua kwenye kioo cha mbele na chini ya godoro. Acha dirisha la paa wazi kama sentimita 2 hita ikiwa inafanya kazi, na inua godoro kila asubuhi. Matundu ya hewa ya sakafuni yasizibwe kamwe, hata yakipuliza baridi; ndiyo yanayotoa gesi ikivuja.

Kwenye nyasi zilizolowa Ducato ni dhaifu kweli. Inavutwa na magurudumu ya mbele, ilhali mzigo, maji na mbwa viko nyuma. Egesha pua ikitazama chini ya mteremko. Kitufe cha Traction+, kinachozuia tairi kuzunguka bure, husaidia chini ya kilomita 30 kwa saa, lakini tairi ikishaanza kuchimba, acha kukanyaga mafuta, tia mikeka mbele ya magurudumu, ondoka polepole. Turubai la ubavuni liinamishe mguu mmoja chini zaidi, la sivyo maji yanatuama katikati na kupinda mikono yake.

Masharti machache ya njiani: mbwa anayetoka nchi nyingi za Umoja wa Ulaya kuingia Uingereza apewe dawa ya tegu na daktari wa mifugo kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Huu pia ni msimu wa kondoo kuzaa, hivyo kamba iwe fupi; mbwa akishambulia mifugo Uskoti, faini inaweza kufika pauni 40,000. Kupe watafute nyuma ya masikio na makwapani kila jioni.

Kwa mbwa mmoja, tunalipendekeza. Kwa mbwa wawili wakubwa, au mtu anayezidi mita 1.85 ambaye atalala amejikunja, afadhali lile la mita 6.36 lenye vitanda vya urefu, ilimradi uzito wote ukishapakia usivuke kilo 3,500.