Begi laini au sanduku gumu kwa meli ya kitalii?
Begi laini la inchi 24 hadi 26 ndilo la kununua. Vyumba vya meli ni vidogo; begi laini likiwa tupu huminywa na kusukumwa chini ya kitanda, ilhali sanduku gumu hufunguka pande mbili na kumeza sakafu yote. Kasoro ya begi laini ni kitambaa kupitisha maji, basi nguo zitie kwanza kwenye mifuko ya plastiki.

Wapagazi huchukua mizigo bandarini, na huenda ikafika chumbani jioni. Pasipoti, dawa na vazi la kuogelea vikae kwenye begi la mkononi. Lebo ya karatasi ya mzigo huchanika: ibane kwa stepla, kisha izungushie selotepu. Pasi ya nguo usihangaike nayo, itazuiliwa. Kulabu za sumaku beba. Kuta nyingi za vyumba ni za chuma, hivyo zitanasa.