Ununue chombo gani Trade Wars 2002: mwongozo wa mchuuzi

Hapa Ngamiani tupo wachache tunaocheza Trade Wars 2002, gemu ya kompyuta ya uchuuzi wa meli za angani, na kila anayejiunga huja na swali hilo hilo: nikishika pesa, ninunue meli ipi? Wengi hutazama silaha kwanza. Mimi namwambia atazame zamu. Gemu hii ni ya maandishi matupu, imetoka enzi za modemu na simu za waya, hivyo bando linakula kidogo sana. Lakini zamu za siku zina hesabu, zikiisha unasubiri kesho. Chombo kizuri kwa mchuuzi ni kile kinachobeba shehena nyingi kwa kila zamu inayotumika.

Ila kabla ya chombo, tafuta njia. Bidhaa ni tatu: madini ya nishati, mazao na vifaa. Madini ndiyo rahisi, vifaa ndivyo ghali. Kila bandari ina herufi tatu kwa mpangilio huo huo, B ikiwa inanunua na S ikiwa inauza. Bandari ya BBS basi inauza vifaa na inanunua vingine viwili. Ya BSB inauza mazao na inanunua vifaa. Ukizipata mbili hizo katika sekta (vipande vya anga la gemu) zinazopakana, umepata riziki: unapeleka vifaa, unarudi na mazao, na chombo hakisafiri kitupu hata mara moja. Nilipomweleza mjomba wangu, aliyeendesha jahazi la Pemba miaka mingi, kabla hajauliza bei alisema, “Sawa mjomba, na kurudi unarudi na nini?” Swali hilo ndilo gemu yote.

Na usikubali bei ya kwanza. Bandari inataja yake, nawe unataja yako, mnavutana. Ukiuza, anza juu kidogo kisha shuka taratibu. Ukizidisha tamaa bandari inakataa biashara. Jua pia kwamba ukichota pale pale mfululizo bei inaharibika, maana ghala linapungua na hujirudisha polepole. Kuwa na jozi mbili tatu za bandari za kuzungukia.

Sasa manunuzi. Takwimu ninazotumia ni za mpangilio wa kawaida. Mwenye seva anaweza kuzibadilisha, kwa hiyo zihakikishe kwenye gemu yako.

Namba moja si meli mpya. Ni nafasi za shehena kwenye Merchant Cruiser uliyoanza nayo. Inaanza na 20 na inapokea hadi 75. Nenda bandari ya daraja la sifuri, ile ya sekta ya 1, ukaongeze. Kila nafasi ni ghali kuliko iliyotangulia, lakini faida ya kila safari inakua papo hapo. Hakuna pesa ya mwanzo inayorudi haraka kama hii.

Namba mbili ni CargoTran, na kwangu ndiyo meli ya kweli ya mchuuzi. Inabeba 125 na kuhama sekta moja kunakula zamu 4. Ongeza zamu moja ya kutia nanga: shehena 125 kwa zamu 5, yaani 25 kwa kila zamu. Cruiser iliyojaa, yenye zamu 3 kwa sekta, inakupa chini ya 19. Tahadhari moja: haiji na nafasi zote 125, nyingine unaziongeza mwenyewe. Weka pesa za nafasi hizo pembeni, na mtaji wa kupakia pia, kabla hujakanyaga Stardock, kituo cha kununulia meli.

Namba tatu ni Colonial Transport. Kwa hesabu tupu inashinda zote: 250 kwa zamu 7, karibu 36 kwa zamu. Nimeishusha kwa sababu ni nzito, zamu 6 kila sekta, na ulinzi wake ni mwepesi mno. Adui akikukuta njiani huna mbio wala ngao ya kutosha. Kama seva yenu ni tulivu, ipandishe juu ya CargoTran bila wasiwasi.

Namba nne, Merchant Freighter. Nafasi 65 tu, ila zamu 2 kwa sekta, karibu 22 kwa zamu. Mpe anayependa kuvumbua: anafanya biashara huku akitafuta jozi mpya.

Scout Marauder inavutia kwa wepesi na bei, lakini nafasi 25 ni ngalawa ya kuvulia. Mchuuzi aiache. Manowari nazo ziache hadi uwe na kitu cha kulinda, na ukibadilisha chombo kumbuka kwamba cha zamani kinakatwa kwenye bei ya kipya, kwa hiyo usikitelekeze angani.