Nimelipia kasi mara mbili, kumbe foleni ilikuwa ndani ya nyumba: uzoefu wangu na ruta ya MikroTik hAP ac²

Saa tatu usiku ndiyo ilikuwa saa ya ugomvi kwetu. Kijana wangu wa kidato cha tatu yuko chumbani na PlayStation, mama yake sebuleni na tamthilia ya Kituruki, Nasra na laptopu yake, mimi na marudio ya mechi kwenye simu. Mara inasikika kutoka chumbani: "Nani kafungua YouTube?" Hakuna anayejibu, maana wote tumefungua.

Tuko Kimara, nyumba ya vyumba vinne, na faiba tumevutiwa mwaka juzi, kifurushi cha Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde). Kwa hesabu za karatasi ilitakiwa itoshe. Netflix wenyewe wanasema Mbps 5 zinabeba picha ya 1080p, na gemu ya mtandaoni ukishaanza kuicheza haili hata Mbps 1. Lakini kwetu tamthilia ilikuwa inakwama kwenye kile kiduara, na mchezaji wa kijana anapiga pasi mpira unatoka baada ya adui kufika.

Nikapiga huduma kwa wateja. Yule dada akaniuliza kama nimeizima ruta na kuiwasha. Dada yangu, nimeizima hadi kitufe kimelegea! Akanishauri nipande Mbps 40, nikapanda, Sh 40,000 zaidi kila mwezi. Wiki ya kwanza nilijiaminisha kwamba kuna nafuu, kwa sababu pesa ikishatoka mtu hutaka kuona nafuu. Wiki ya pili tukarudi kwenye "Nani kafungua YouTube?"

Aliyenifumbua macho ni kijana wa mtaa wa pili anayefunga kamera za ulinzi. Alikuja kwa shughuli nyingine kabisa, akanikuta nalalamika. "Baba Nasra," akasema, "huwa unapima kasi watu wakiwepo, au wakiwa wameondoka?" Nikacheka, kwa sababu nilikuwa napima asubuhi, watoto shuleni, nyumba tupu. Akafungua fast.com, tovuti ya kupima kasi, kwenye simu yangu, akabonyeza palipoandikwa maelezo zaidi. Pale wanakuonyesha namba mbili za ucheleweshaji: laini ikiwa haina kazi na laini ikiwa imeelemewa. Ya kwanza ilisoma milisekunde 14. Ya pili 480.

Hiyo 480 ndiyo iliyokuwa inatugombanisha. Ruta tuliyokuwa nayo ilikuwa inapokea kila kitu na kukipanga mstari mmoja, wa kwanza kuja wa kwanza kutoka. Amri ya gemu ni kitu kidogo sana, ni kama bodaboda, lakini ikikuta mbele yake kuna malori thelathini ya video yamejipanga kama yale ya Zambia pale Ubungo enzi kabla ya flaiova, na yenyewe inasubiri. Ukiongeza kifurushi unapanua barabara, sawa, lakini malori nayo yanaongezeka, kwa sababu simu na runinga huchukua kasi yote zitakayoikuta.

Na lori kubwa kuliko yote lilikuwa la mke wangu. Kila akirudi jioni simu yake inashika waifai na kuanza kupandisha picha na video kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mama Nasra ni mtu wa kamati. Wikiendi moja ya kitchen party na send-off inazaa video za kutosha kuziba njia ya kwenda juu usiku kucha. Hakuna aliyekuwa anajua, yeye mwenyewe akiwemo. Tulikuwa tunamsaka wa YouTube bure.

Nilianza na waya. PlayStation ilikuwa inapata waifai kupitia kuta mbili za tofali za saruji, na ruta yenyewe ilikaa ndani ya kabati la runinga, nyuma ya spika. Nikaenda Kariakoo kununua waya wa mtandao wa Cat6, mita 25. Hapa kuwa makini: kuna nyaya za bei poa ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua kwa wembe; ikitoka nyeupe, rudisha. Fundi akaupitisha juu ya dari la jipsamu mchana mmoja. Waya ukafuta ile mikatiko ya ghafla, ila lagi, yaani ule ucheleweshaji, ya saa tatu usiku ikabaki palepale.

Ndipo nikainunua hiyo hAP ac², iliyotumika, kutoka kwa yule yule kijana, kwa Sh 110,000. Ni kiboksi kidogo cheusi, kina matundu matano ya waya, yote ya gigabiti, na waifai ya 2.4 na ya 5 GHz. Kwa sura hakivutii. Kilichonifanya nikinunue ni kwamba ukikiwekea RouterOS, programu inayokiendesha, ya toleo la 7 unapata aina ya foleni inayoitwa CAKE, ambayo haikubali mstari mmoja: inagawa zamu kwa kila mtumiaji, na bodaboda inapenya.

Kampuni ya intaneti ilituma mtu akaigeuza ruta yao iwe ya kupitisha tu, kazi yote ifanywe na yangu. Nikaingia kwa Winbox, programu ya kuipangia ruta, nikatengeneza foleni, nikaiwekea kikomo cha Mbps 36 kwenda na kurudi, yaani asilimia 90 ya ninachopata. Lazima iwe chini kidogo ya kasi halisi, la sivyo foleni itajipanga kwenye mtambo wa kampuni, ambako huna amri. Nikapima. 460! Siku mbili nimekaa nacho, nimefuta na kuandika upya, mke wangu ananiuliza kama hii ndiyo nafuu niliyomwambia. Kosa lilikuwa langu, sikusoma: kwenye firewall, ukuta wa ulinzi wa ruta, kuna kanuni ya FastTrack inayokuja imewashwa, kazi yake ni kupitisha data njia ya mkato bila kugusa foleni. Nikaizima. Nikapima tena, video zinapanda, runinga inacheza, na gemu juu. Milisekunde 31.

Kijana wangu alikaa kimya jioni nzima. Kwa nyumba yetu hicho ndicho kipimo.

Kuna mambo ambayo kiboksi hiki hakiwezi, na mtu asikuuzie ndoto. Seva ya gemu ikiwa Ulaya, umbali ni umbali. Kwa njia ya bahari, Dar hadi Marseille ni zaidi ya kilomita 7,000, mwanga ndani ya faiba unakimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi tu zimeshaondoka milisekunde 70 kabla hata mitambo ya njiani haijagusa chochote. Chagua seva ya karibu kama gemu inaruhusu. Na siku nyaya za baharini zikikatika, kama Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja, tulia usome kitabu. Masasisho ya PlayStation nayo ni yale yale: GB 50 kwa Mbps 20 ni zaidi ya saa tano na nusu, bora uyaache yapakuliwe usiku.

Tena, kama hupendi kusoma menyu ndefu, usiinunue bila kuwa na mtu wa kukupangia. Winbox ina vitu vingi kuliko nyumba ya watu watano itakavyowahi kuvihitaji.

Mwezi uliopita nilirudi kifurushi cha Mbps 20, foleni nikaiweka 18. Sikumwambia mtu. Wiki tatu zimepita na hakuna aliyeuliza. Ile Sh 40,000 ya mwezi wa kwanza nimenunulia betri ndogo ya kushikilia ruta mbili hizi umeme ukikatika, na ya mwezi huu ni ya fundi wa jipsamu: bado chumba cha wageni hakina waya, na shemeji anakuja Jumamosi na laptopu yake ya kazi.